Besi Lililolala kwa Ng'ombe

Jumatatu, 2 Machi

Rejeta mbili leo. Ya kwanza ya lori la mchanga, tanki la juu limechanika. Nimelehemu, nimepuliza, nimeitumbukiza kwenye pipa la maji. Hakuna povu. Ya pili ni hizi za siku hizi, aluminiamu na plastiki. Nimemrudishia mwenyewe. Plastiki ikipasuka imekufa, sina dua wala dawa. Rejeta ni zile za zamani, mirija ya shaba na matanki ya brasi, ile shaba iliyotiwa zinki ikawa ya njano. Hizo unaweza kuongea nazo.

Jioni nimemaliza kulinyoosha besi la kanisa. Ndilo tarumbeta kubwa kuliko yote katika bendi yetu, mdomo wake unaweza kumlaza mtoto mchanga. Lilibonyea mwaka jana, Mzee Elirehema alipoteleza nalo kwenye mteremko tukitoka kuzika. Alianguka, akainuka, akaliangalia besi kabla ya goti lake. Watu wanamcheka hadi leo. Hata mimi.

Nimeligonga kwa nyundo ya mbao, taratibu. Bati la besi ni jembamba kama kadi ya harusi. Brasi ina tabia yake: ukiigonga inakuwa ngumu, ukizidi kuigonga inakaza, mwisho inakugomea. Dawa ni moto. Unaipasha mpaka iwe nyekundu kwa mbali, unaiacha ipoe, inarudi laini. Sikuipasha. Moto ungebabua vanishi, na Anaeli, kiongozi wetu wa bendi, anataka besi ling'ae Pasaka. Nimeligonga hivyohivyo, kavu. Limenyooka, linang'aa, nimejisifu.

Paa la karakana yangu, kule chini Olasiti, linavuja, kwa hiyo nimelifunga nyuma ya pikipiki na kupanda nalo nyumbani. Mke wangu, Mama Neema, kasema liwekwe sebuleni, juu ya kochi. Nimekataa. Makochi ni mapya, hata nailoni hatujatoa. Nimelipandisha kwenye dari ya banda la ng'ombe, juu ya majani makavu. Pale hapavuji. Ng'ombe wana paa zuri kuliko mimi.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Mlima hauonekani tangu juzi. Njia ya kwetu imekuwa sabuni. Nimeanguka mara moja na pikipiki, hakuna aliyeniona, kwa hiyo sikuanguka.

Besi lipo darini. Sijaliangalia.

Jumapili, 8 Machi

Mzee Elirehema kanikamata baada ya ibada. Nimemwamkia, kaitikia, kisha moja kwa moja: besi lake vipi? Lake. Ni la kanisa, lakini amelipuliza tangu mimi nasoma kipaimara. Nimemwambia liko tayari, liko mahali pakavu. Hapo sikuongopa.

Kanionyesha kile kipande cha kupulizia. Anatembea nacho kwenye mfuko wa koti. Amekisugua kwa jivu na limao mpaka kinang'aa kama pete. Anasema mkewe amechoka kumsikia akikipuliza peke yake, kinalia kama bata. Mzee ana furaha ya kitoto. Pasaka alfajiri bendi hupiga kutoka makaburini, kijiji kizima kinaamkia matarumbeta, na mwaka jana ilipita bila besi.

Ijumaa, 13 Machi

Nimeteremsha besi, nimelifuta vumbi, nimempelekea. Harufu ya banda imelishika kidogo. Nimelipangusa kwa kitambaa cha mafuta ya taa. Mzee alilipokea kwa mikono miwili. Kesho mazoezi.

Jumamosi, 14 Machi

Siku mbaya.

Mazoezi yalianza saa tisa kanisani. Wimbo wa kwanza, besi linatoa sauti ya mtu mwenye pumu. Anaeli akasimamisha. Akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mipasuko. Mitatu, minne, myembamba kama nywele, imetambaa pale nilipogonga, mmoja umefika hadi ukingoni.

Watu wote wakamtazama Mzee Elirehema. Lilikuwa kwake usiku kucha, na ana historia. Mpiga ngoma akasema kwa kicheko, "Mzee, umeteleza tena?" Mzee akasema hapana, hajateleza, amelibeba kama yai.

Anaeli akanigeukia mimi. "Fundi, hii kitu unaijua wewe. Limeanguka?"

Nilijua hapohapo. Kitu kikianguka kinabonyea. Brasi nyembamba ikidondoka inaacha shimo, kona, mkunjo. Haiachi nywele. Besi halikuwa na bonyeo hata moja, ni laini kama nilivyoliacha. Nilijua halikuanguka.

Nikasema, "Brasi haipasuki yenyewe."

Basi. Maneno matatu. Sikusema limeanguka. Nimerudi nyumbani nikijiambia hivyo njia nzima: sikusema limeanguka. Anaeli akachukua besi, akalifungia ofisini, akamwambia mzee apumzike kwanza, umri umekwenda. Mzee akachomoa kile kipande chake, akakitia mfukoni, akatoka. Hakuniangalia.

Jumapili, 15 Machi

Sikwenda kanisani. Nimemwambia Mama Neema tumbo. Kanipikia uji. Nimekunywa uji wa ugonjwa ambao sina.

Jumatatu, 16 Machi

Karakana. Nilikuwa nalehemu kumbe nawaza mengine, nimeunguza kidole.

Nimekumbuka marufuku ya bosi wangu wa kwanza, yule aliyenifundisha rejeta mjini. Nyuma ya karakana yake kulikuwa na maandishi ya rangi nyekundu: USIKOJOE HAPA. Ukutani hapo ndipo alipoegesha matanki ya brasi. Alisema mkojo unavunja brasi. Sio unaichafua, unaivunja, hasa iliyogongwa ikabaki ngumu. Ile harufu kali inayochoma macho ndiyo inayoingia. Tulicheka sana. Tuliona ni mbinu ya mzee ya kutufanya tutembee hadi chooni. Akifika mteja tunamsomea tangazo kwa sauti ya mchungaji.

Banda langu, asubuhi ukifungua mlango, macho yanatoa machozi. Nina ng'ombe wawili wa ndani, hawatoki. Harufu yote hupanda darini.

Nimekata vipande viwili kutoka tanki la rejeta iliyokufa. Brasi ileile, unene uleule. Vyote nimevigonga na kuvipinda upinde. Kimoja nimekipasha moto kikarudi laini, kingine nimekiacha kigumu. Nimevitundika darini juu ya ng'ombe. Mama Neema kauliza ni vya nini. Nimesema ni vya kufukuza ndege.

Nataka viwe salama vyote viwili. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma: naomba Mungu anitetee kwa kipande cha rejeta.

Alhamisi, 19 Machi

Nimemwona Mzee Elirehema anapanda na mzigo wa majani ya ng'ombe. Ilinipasa nisimame nimwamkie, mimi ndiye mdogo. Nikakata kona, nikashuka kwa njia ya chini, ya kwenye migomba ya watu, nimechafuka hadi magotini. Mtu mzima na familia yake anajificha kwenye migomba kukwepa kusema shikamoo.

Jumapili, 22 Machi

Nilikwenda ibadani. Bendi ilipiga bila besi. Sauti ilikuwa ya juu juu, kama nyumba isiyo na msingi. Mzee hakuwepo. Mpiga ngoma anasema amenuna. Watu wakacheka. Safari hii mimi sikucheka, lakini sikusema kitu pia, na kwa mzee ni mamoja.

Baada ya ibada Anaeli kaniomba nimtafutie fundi wa Moshi aliangalie besi, maana anasema mimi nimeshafanya sehemu yangu na si vizuri kunisumbua kwa uzembe wa mtu mwingine. Ananiheshimu. Hiyo heshima inaniwasha kama upupu.

Jumanne, 24 Machi

Dada yake Mzee Elirehema amefariki. Yule mkubwa, aliyemlea. Alikuwa mgonjwa tangu Krismasi. Mama Neema ameenda kukaa na wafiwa. Mimi nimebaki na ng'ombe. Nimepanda darini. Vipande vipo. Nimeviangalia bila kuvigusa.

Alhamisi, 26 Machi

Tumezika.

Bendi ilikuja kamili isipokuwa besi. Mzee Elirehema alisimama upande wa ndugu, suti ya kijivu, mikono mitupu. Kabla ya besi kubonyea sikuwahi kumwona kwenye maziko mikono mitupu. Miaka yote hiyo aliwapigia wafu wa kijiji hiki, baba yangu akiwemo. Kwa dada yake mwenyewe alisimama kama mgeni aliyekuja na watu wengine.

Walipoanza kupiga nilimwona anaingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Mkono ulibaki humo mpaka mwisho. Najua alikuwa ameshika nini. Midomo yake ilikuwa inajikaza na kulegea kufuata wimbo. Noti za chini, zile ambazo hakuna aliyezipiga.

Nilitaka ardhi inimeze, na shimo lilikuwa palepale.

Baadaye tuligawiwa loshoro, mahindi na maziwa mgando. Mkewe mzee ndiye aliyenipa bakuli. Kasema, "Karibu fundi, asante kwa kuja." Nilikula yote. Nisingekula ningeulizwa.

Jumatatu, 30 Machi

Nimeteremsha vipande.

Kile nilichokipasha moto kimebadilika rangi, kimekuwa kama chai. Nimekikunja, kimekunjika. Nimekikunjua, kimekunjuka. Kizima.

Kile kigumu kilikuwa na nywele zilezile. Nimekikunja kidogo tu, kikakatika mkononi mwangu kama biskuti.

Nimekaa chini ya ngazi ya banda muda mrefu. Ng'ombe mmoja akanilamba sikio. Ni mimi. Niliacha moto ili ling'ae, nikalilaza kwenye mkojo ili kochi lisichubuke, halafu nikamwachia mzee wa watu mzigo. Mambo matatu, yote yangu. Hili la tatu halikutokana na kutojua.

Jumanne, 31 Machi

Nimekwenda hadi kwenye ua wa Mzee Elirehema. Nikasikia anaongea na mkewe ndani. Nikageuka. Mwoga. Sina neno lingine.

Mama Neema ameviona vile vipande mezani. Nimemweleza kila kitu. Aliendelea kumenya ndizi mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Nilikwambia kochi." Akaosha kisu. Baadaye kidogo akasema, "Kesho usirudi kabla hujamwona."

Jumatano, 1 Aprili

Nimemwona.

Alikuwa anapalilia kahawa nyuma ya nyumba. Nilimwamkia kwa mbali, shikamoo baba. Akaitika marahaba, akaendelea na jembe. Nikatoa vile vipande mfukoni, nikaanza. Bosi wangu, marufuku yake, moto ambao sikuutumia, dari, ng'ombe, kochi. Nilikuwa naeleza kama ninayefundisha darasa. Akanikata.

"Lilinuka banda lako tangu siku ile uliponiletea."

Nikavirudisha vipande mfukoni.

Akasema hayo mambo ya brasi na mkojo hayajui, leo ndiyo anayasikia. Lakini anajua hakuliangusha, na anajua kabla ya kwake lilitoka kwangu. Kwa hiyo alijua palepale kanisani, nilipofungua mdomo. Hata kabla Anaeli hajafunga ofisi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

Akaegemea jembe. "Mimi nikikosa besi, nina shamba. Wewe ningekutaja mbele ya wale watu, nani angekuletea kazi huku juu tena? Nikasema nimwache, ana watoto, atasema mwenyewe." Akapangusa uso. "Ila umechelewa, mwanangu. Dada yangu amekwenda bila mimi."

Hakuinua sauti. Bora angenipiga na lile jembe. Nililia, mbele yake, katikati ya kahawa, mtu mwenye ndevu. Hakunibembeleza wala hakunifukuza. Aliendelea kupalilia mstari mpaka mwisho, akageuka, akaanza mwingine. Nikachukua jembe la pili lililokuwa ukutani, nikaingia mstari wa jirani. Tulipalilia mpaka mvua.

Alhamisi, 2 Aprili

Mazoezi ya mwisho. Nilisimama kabla ya sala ya kufungulia, maana baada ya hapo nisingeweza. Nilisema halikuanguka. Nilisema nililigonga bila kulipasha, nikalilaza juu ya ng'ombe, likapasuka kwa kazi yangu. Nilisema siku ile nilijua halikuanguka nikawaachia mwamini hivyo. Nikavunja kilichobaki cha kile kipande kigumu mbele yao waone. Kilitoa mlio mdogo.

Mpiga ngoma alianza kucheka kwa sababu ya ng'ombe, kisha akaacha.

Anaeli alikuwa mkali. Kasema nimemvunjia mzee heshima kwa kuitumia heshima aliyonipa yeye. Kweli. Kasema sitagusa tena tarumbeta lolote la bendi, isipokuwa hili moja, na hili nitalimalizia chini ya macho yake. Kweli pia. Kisha akatoka na funguo, na sisi tukamsubiri kwa muda, mpaka tukaelewa amekwenda mwenyewe, kwa miguu, kwa Mzee Elirehema. Alimfuata kumwomba radhi. Mimi nilikuwa natazama sakafu.

Jumamosi, 4 Aprili

Karakana, tangu asubuhi. Anaeli amekaa kwenye kiti cha wateja, mikono amekunja.

Kwanza nimetoboa tundu dogo mwisho wa kila mpasuko ili usiendelee kutambaa. Kisha moto. Nimelipasha besi mahali pote nilipopagonga, polepole, mpaka ule wekundu wa kwa mbali, gizani kwenye kona ili niuone vizuri. Vanishi iliungua, ikanuka, ikawa nyeusi. Anaeli akasogeza kiti karibu. Kisha viraka, nimevikata kwenye tanki la rejeta ya zamani, nimevipasha, nimevikunja kufuata umbo, nimelehemu. Brasi laini inakufuata kidole. Nilikuwa nimesahau raha yake.

Halipendezi. Upande mmoja linang'aa, upande wa pili ni jeusi lenye zambarau na viraka vinne. Linafanana na mimi. Nimelijaza maji, halivuji.

Mzee Elirehema alikuja jioni kulijaribu. Alichomeka kipande chake, akapuliza noti moja ya chini, ndefu. Mabati ya karakana yalitetemeka. Akasema, "Linatosha." Hakusema asante, na sikutegemea.

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka

Mvua ilikatika alfajiri. Tulipanda makaburini na tochi. Mimi sikusimama na bendi, nilisimama nyuma na Mama Neema.

Besi lilikuwepo. Lilitoka chini kabisa, likabeba mengine yote. Wimbo wa pili mzee aliupiga akiwa amegeukia kaburi jipya, mgongo kwetu sote. Anaeli hakumrekebisha. Mlima ulikuwa wazi hadi kileleni.

Wakati wa kushuka njia ilikuwa ya utelezi. Watu walitangulia. Mzee Elirehema alisimama pale pale alipoanguka mwaka jana, akaniangalia. Nikamwamkia. Akaitika. Kisha akanipa besi, nilibebe mimi. Nilishuka nimeikaza mikono yote miwili, nikitafuta kila mzizi na jiwe la kukanyaga, yeye nyuma yangu akisema kushoto, kulia, hapo subiri.

Kwenye njia panda nilitaka kumrudishia. Akakataa. Kasema anakwenda kwa wajukuu zake, kule kuna watoto watakaolipanda kama farasi. Nikae nalo mpaka Jumapili.

"Ila sebuleni," akasema.

Sasa ni jioni. Mama Neema ametoa nailoni kwenye kochi kubwa. Besi limelala juu yake, limechukua nafasi yote. Wageni wa sikukuu wamekaa kwenye viti vya jikoni na kuuliza maswali, nami nimewajibu. Mimi nimekaa kwenye kigoda. Ng'ombe wanalia, natoka kuwapa majani.